Picha Iliyobaki Hosteli

Jalada la toleo lililopita lilitoka na picha yenye ukungu, na kosa lilikuwa langu. Nilimpelekea mpiga chapa faili moja tu ya InDesign kwenye flashi. Picha zenyewe zilibaki kwenye laptopu, hosteli.

Kumbe ukiweka picha kwenye InDesign, kwa kawaida programu haiimezi. Inaiunganisha tu: inakumbuka iko folda gani, halafu inakuonyesha kivuli chake hafifu ukurasani. Ukihamisha faili bila picha, kinachobaki ni kile kivuli. Kwenye skrini kinapita. Kwenye karatasi, aibu tupu. Na programu ilituonya kwamba picha hazionekani. Sisi, kwa haraka zetu, tukabonyeza kuendelea.

Sasa si bora kuipachika, iingie mzima mzima ndani ya faili? Nembo ndogo ya chama, sawa, pachika. Lakini ukipachika picha zote za jarida, faili inavimba mpaka kompyuta inagoma. Tena ukirekebisha rangi kwenye picha ya asili, ile iliyopachikwa haina habari. Iliyounganishwa unaisasisha papo hapo.

Kwa hiyo naunganisha, na kabla ya kutoka natumia amri ya Package, inayokusanya faili, picha na fonti kwenye folda moja. Folda hiyo nzima ndiyo inayopanda flashi.

Na ninyi mnaonitumia picha kwa WhatsApp: jalada la A4 linataka upana wa pikseli 2,480 hivi, kwa nukta 300 kwa inchi. Tumeni kama dokumenti, jamani.