Manowari: Historia ya Meli Moja na Upatanisho wa Neno

Mwanafunzi wa Masisi au Walikale anapoandika “manowari haya yalifika”, mwalimu humsahihisha: “manowari hii ilifika”, “manowari hizi zilifika”. Sahihisho ni sawa, lakini sababu yake haielezwi. Tuitafute katika historia ya meli moja ndogo ya vita.

Barracouta ilikuwa manowari ya Uingereza ya milingoti miwili na mizinga 10, iliyoshushwa majini mwaka 1820. Mwaka 1822 iliondoka Uingereza pamoja na Leven, chini ya Kapteni William Fitzwilliam Owen, kwenda kupima pwani za Afrika na kuchora ramani zake. Homa iliua mabaharia wengi, akiwemo nahodha wake, William Cutfield. Nafasi yake ikashikwa na Alexander Vidal. Desemba 1823 Barracouta iliingia Mombasa. Wamazrui, waliokuwa wakitishwa na Sayyid Said wa Omani, wakamwomba Vidal bendera ya Uingereza. Vidal hakuwa na mamlaka hayo. Februari 1824 Owen alifika na Leven, akaikuta bendera hiyo ikipepea ngomeni, akakubali ulinzi kwa sharti la kukomesha biashara ya watumwa. Serikali ya London haikuuridhia mpango huo, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Barracouta yenyewe iliuzwa mwaka 1836.

Tazama maneno tuliyotumia. “Nahodha” lina asili ya Kiajemi, “bendera” ya Kireno. “Mzinga” ni jina lile lile la mzinga wa nyuki. Bahari ilikuwa na msamiati wake kabla ya Waingereza. Kwao tulichukua “manowari”, kutoka “man-of-war”. Konsonanti ya katikati ilidondoka, irabu ikaongezwa mwishoni, na tukapata silabi nne wazi: ma-no-wa-ri.

Hapo ndipo mtego ulipo. Lugha za Kibantu, zikiwemo Kihunde na Kinyanga, zina kiambishi ma- cha wingi, na Kiswahili cha Kivu hukipenda zaidi: watu husema “manyumba”. Kwa mantiki hiyo “manowari” ingekuwa wingi wa “nowari”. Jambo kama hilo limewahi kutokea. Kifuniko cha gurudumu kinachozuia tope, kwa Kiingereza “mudguard”, kilitupa “madigadi”. Wasemaji wakaichukua ma- kuwa ya wingi, wakapata umoja “digadi”.

Kwa nini basi hatuna “nowari”? Naona jibu limo katika namna kitu kinavyoonekana. Vifuniko vya magurudumu huonekana viwili viwili au zaidi, hivyo neno lilisikika kwanza kama wingi. Meli ya vita iliingia bandarini kama Barracouta ilivyoingia Mombasa: moja, ikiangaliwa na mji mzima. Neno zima likashika umoja, likabaki ngeli ya I-ZI.

Kwa hiyo mwalimu asiishie kwenye kalamu nyekundu. Mwanafunzi aliyeandika “manowari haya” amefuata kanuni ile ile iliyotupa “digadi”. Kilichomkosa ni historia ya neno hili. Aelezwe kwamba ma- hapa ni silabi ya mzizi, kisha apewe “madigadi” na “manowari” azilinganishe mwenyewe.