Kuliwaza na Kusaidia: Maneno ya Kiingereza Yanayowatatiza Wasemaji wa Kichina

SOMO LA LUGHA KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI

Tangu mwaka 1964 madaktari kutoka Jamhuri ya Watu wa China, khasa kutoka jimbo la Jiangsu, wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu kutoa huduma katika hospitali za Unguja na Pemba, zikiwemo Hospitali ya Mnazi Mmoja na Hospitali ya Abdulla Mzee iliyopo Mkoani. Daktari anaposema Kichina na mgonjwa akasema Kiswahili, mara nyingi lugha ya tatu ndiyo hufanywa daraja baina yao, nayo ni Kiingereza. Daraja hilo si la mmoja wao. Kila mmoja hulivuka kwa mwendo wa lugha aliyozaliwa nayo, na hapo ndipo maneno yanapoweza kupotea njiani.

Miongoni mwa maneno yanayopotea zaidi ni yale ya kuliwaza na ya kusaidia. Kiingereza kina maneno mengi yanayokaribiana katika mambo hayo, na kila moja lina mahali pake. Somo hili linaeleza kwa nini msemaji wa Kichina anayejifunza Kiingereza huyachanganya, na namna ya kuyatenganisha. Wauguzi, wakalimani, makatibu muhtasi na wote wanaofanya kazi bega kwa bega na wageni hao watafaidika nalo. Wananchi nao watafaidika, kwani msemaji wa Kiswahili ana makosa yake katika maneno hayo hayo.

1. Raha na ugonjwa

Katika Kichina neno "shufu" lina maana ya raha ya mwili. Likitanguliwa na "bu", ambalo ni neno la kukanusha, hupatikana "bu shufu", yaani "si raha". Hayo ndiyo maneno ya kila siku ya Mchina anapotaka kusema kwamba anaumwa. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiingereza anayefasiri neno kwa neno husema "I am uncomfortable", ilhali alichokusudia ni kwamba hajambo amelikosa na anahitaji kutazamwa.

Kwa Mwingereza neno "uncomfortable" ni jepesi zaidi. Husemwa juu ya kiti kigumu, kiatu kinachobana, au mtu aliyeona haya mbele ya watu. Mwenye homa kali au maumivu ya kifua hutarajiwa kusema "I am ill" au "I am in pain".

Tuchukue mfano. Daktari anamuuliza mgonjwa, "Where are you uncomfortable?" Muuguzi akilifasiri swali hilo kama lilivyosikika, atasema, "Bibi, ni wapi ambapo huna raha?" Huenda bibi akajibu kwamba paa la nyumba yake linavuja, au kwamba mwanawe aliyesafiri hajaleta habari. Jibu hilo ni la kweli, bali halimfikii daktari aliyetaka kujua mahali penye maumivu. Muuguzi mwenye kufahamu asili ya swali atauliza moja kwa moja, "Bibi, unaumwa wapi?"

Hatari iliyo kubwa zaidi ipo upande wa pili. Katika hospitali, Kiingereza husema juu ya mgonjwa mahututi, "The patient is comfortable." Maana yake ni kwamba maumivu yametulizwa na mgonjwa amelala kwa utulivu. Maneno hayo hayasemi kwamba mgonjwa amepata nafuu ya maradhi yenyewe. Kadhalika "comfort care" ni huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso pale ambapo tiba ya kuponya haitarajiwi tena. Jamaa akiambiwa kwa kifupi kwamba mgonjwa wake "hajambo, yuko raha", atarudi nyumbani kwa furaha, na huenda akakosa saa za mwisho ambazo angependa kuzitumia kando ya kitanda akimsomea na kumuaga. Mkalimani wa hospitali hana budi kulieleza neno hilo kwa ukamilifu: "Maumivu yametulia, lakini ugonjwa ungali mzito."

2. Kuliwaza

Kichina kina neno "anwei", ambalo sehemu yake ya kwanza huashiria utulivu na amani. Neno hilo moja hutosha kwa kumliwaza mtoto aliyeanguka, kumfariji mfiwa, na kumpoza rafiki aliyeshindwa mtihani. Aidha, halibadiliki umbo liwapo kitendo au jina. Kwa sababu hiyo mwanafunzi wa Kichina huweza kusema "I feel very comfort", akalitumia neno "comfort" palipohitajiwa "comforted". Kiingereza kwa upande wake kimeyagawa matumizi hayo katika maneno manne yanayofaa kukumbukwa.

La kwanza ni "comfort". Neno hili limetokana na Kilatini, na asili yake ni kutia nguvu. Ni kumkaribia mwenye huzuni, hofu au maumivu na kumtia moyo, iwe kwa maneno, kwa kumshika mkono, au kwa kukaa naye tu. Anayetendewa ni mtu.

La pili ni "console". Hili huwa baada ya msiba au hasara. Kilichopotea hakirudi, na kinachoweza kufanywa ni kupunguza uchungu wake. Ndiyo maana zawadi anayopewa aliyeshindwa huitwa "consolation prize", yaani kifuta machozi. Mtoto anayeogopa sindano hawezi kuambiwa "console", kwa kuwa bado hajapoteza kitu.

La tatu ni "soothe", ambalo linakaribiana na "kutuliza" na "kupoza". Huweza kutumika kwa mtu, lakini pia hutumika kwa kidonda, koo linalowasha au ngozi iliyoungua. Marhamu hutuliza ngozi, wala haiwezi kuifariji.

La nne ni "relieve", na jina lake ni "relief". Hapa mzigo huondolewa au hupunguzwa. Dawa hupunguza maumivu, na zamu mpya humpokea mlinzi aliyechoka. Neno la Kiswahili "faraja" lina undugu na maana hii, kwani katika Kiarabu asili ya "faraj" ni kufunguka kwa dhiki iliyombana mtu. Hata hivyo ifahamike kwamba "pain relief" ni kupungua kwa maumivu, nako si kupona. Vilevile "relief" ni chakula, mahema na dawa zinazopelekwa kwa waliofikwa na maafa.

3. Pole isiyo na mwenzake

Lipo jambo moja ambalo Kiswahili na Kichina vinakutana, na Kiingereza kikabaki nje. Mswahili humwambia mwenziwe "pole kwa kazi". Mchina naye husema "xinku le", maneno ya kumtambua mtu kwa taabu aliyoipata. Kiingereza hakina neno la kawaida lililo sawasawa na hayo. Kwa hiyo Mchina husema "You are tired", na msikilizaji akadhani anaambiwa kwamba sura yake imechakaa. Mswahili naye husema "sorry" kwa mtu aliyejikwaa, na Mwingereza akashangaa anaombwa radhi kwa kosa gani. Katika hali hiyo inafaa kusema "Thank you for your hard work" kwa aliyefanya kazi, na "Are you all right?" kwa aliyejikwaa.

Katika msiba, Wachina huambizana "jie ai", maana yake ajizuie huzuni. Kwao ni maneno ya heshima, na Mswahili anayemwambia mfiwa "stahamili" au "kuwa na subira" atayafahamu bila ya taabu. Lakini yakifasiriwa kwa Kiingereza kama "Control your sorrow" huwa amri kavu. Barua ya taazia kwa Kiingereza hutumia "Please accept our condolences", na neno "condolences" huandikwa kwa wingi. Afisa atakayepokea barua yenye maneno ya kumtaka azuie huzuni asiione kuwa ni ukavu wa moyo. Aliyeiandika ametoa mkono wa pole kwa desturi ya kwao.

4. Kusaidia

Neno la Kichina lililo la kawaida ni "bangzhu". Mwanafunzi hufundishwa kwamba maana yake ni "help", kisha hukutana na "assist", "aid" na "support", akaelezwa kwamba yote ni mamoja. Si kweli.

"Help" ni neno la asili ya Kiingereza chenyewe, nalo hutumika kila mahali, kuanzia jikoni hadi barazani. Ndilo pia ukelele wa mtu aliye hatarini. Mchina anayezama baharini hupiga ukelele "Jiuming!", yaani "Okoeni maisha!" Kwa Kiingereza hana budi kupiga ukelele "Help!" Hapana mtu anayezama akaita "Aid!" au "Assistance!", na aitaye hivyo huenda asieleweke kwa haraka inayotakiwa.

"Assist" limetokana na Kilatini, na asili yake ni kusimama kando ya mtu. Anayefanya "assist" si mwenye kazi. Mwenye kazi yupo, naye anamshikia taa. Muuguzi humsaidia daktari katika upasuaji kwa maana hiyo. Neno hili ni rasmi, hivyo linafaa katika barua na ripoti za Serikali.

"Support" ni kuegemeza kitu kisianguke, kwa fedha, kwa kauli au kwa nguvu. Kichina huliita "zhichi". Mtu anaweza kuunga mkono mpango bila ya kufanya kazi yoyote ndani yake.

"Aid" mara nyingi huwa jina, nalo hutumika zaidi katika mambo ya dola, ya maafa na ya tiba. "First aid" ni huduma ya kwanza kwa majeruhi. Hapa kosa kubwa ni la msemaji wa Kiswahili. Kwa kuwa Kiswahili husema "misaada", mwandishi huongeza herufi ya wingi na kuandika "aids". Neno hilo likisimama peke yake humpeleka msomaji kwenye maradhi ya ukimwi. Msaada wa nchi kwa nchi, hata ukiwa mwingi, huandikwa "aid" bila ya wingi. Wingi huruhusiwa kwa vifaa tu, kama vile "hearing aids" kwa wasiosikia vyema na "teaching aids" kwa skuli. Mchina, ambaye majina ya vitu katika lugha yake hayabadiliki kwa wingi, ni nadra kufanya kosa hili.

5. Msaada unaolipwa na usiolipwa

Msaada wa dola kwa dola Kichina huuita "yuanzhu". Mwezi wa Januari 1964, Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, akiwa ziarani nchini Ghana, alitangaza misingi minane ya msaada wa nchi yake kwa mataifa mengine. Miongoni mwa misingi hiyo ni kwamba msaada utatolewa kwa njia ya mikopo isiyo na riba au yenye riba ndogo. Kwa hiyo katika matumizi ya Kichina, mkopo wa aina hiyo umo ndani ya neno "yuanzhu", nalo hufasiriwa "aid".

Mfano ulio mashuhuri ni Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975. Wananchi waliiita msaada wa China, na ulikuwa msaada kweli. Hata hivyo fedha zake zilikuwa mkopo usio na riba, nao mkopo una mdai na mdaiwa.

Funzo lake kwa mtumishi wa Serikali ni hili. Akiona neno "aid" au "assistance" katika waraka, asiishie hapo. Atafute iwapo imeandikwa "grant", ambayo ni ruzuku isiyorejeshwa, au "loan", ambao ni mkopo. Ikiwa ni mkopo, atazame riba, muda wa kulipa na mwaka wa kuanza kulipa. Neno "msaada" peke yake katika muhtasari wa kikao halimwambii mwananchi kama watoto wake watadaiwa.

6. Zoezi

Msomaji achague neno moja la Kiingereza lifaalo kila hali.

(a) Mjane amefiwa na mumewe, na majirani wamekuja kukaa naye.
(b) Marhamu imepakwa juu ya ngozi iliyoungua.
(c) Mvuvi ameanguka kutoka chomboni na anapiga ukelele.
(d) Karani amemshikia afisa wake daftari wakati wa kuhesabu mali ya ghala.
(e) Mgonjwa amepewa dawa, maumivu yamepungua, lakini uvimbe upo pale pale.
(f) Wizara imepokea fedha zisizorejeshwa.

Majibu: (a) "console", (b) "soothe", (c) "help", (d) "assist", (e) "relief", (f) "grant".

Watumishi wanaofasiri baina ya wageni na wananchi wanashauriwa kutoona haya kuuliza mara ya pili. Daktari akisema neno lenye maana mbili, aulizwe amekusudia ipi kabla ya neno hilo kumfikia mgonjwa au jamaa zake. Kuuliza huchukua dakika moja. Neno la matumaini lililotolewa kwa makosa halirudishwi kwa urahisi.