Sanduku la Data Linapopotea Mtandaoni: Mwongozo kwa Maduka na Nyumba za Kariakoo

Kijitabu hiki ni cha mwenye duka, mhasibu, mpiga picha au mwenye nyumba katikati ya Dar es Salaam aliye na sanduku dogo la kuhifadhi data, lenye diski moja au mbili, lililounganishwa kwenye ruta. Mafundi huliita NAS. Lilinunuliwa miaka mingi iliyopita, likasahauliwa juu ya kabati, na sasa limeanza visa. Asubuhi linaonekana kwenye kompyuta, mchana halionekani. Ukilizima na kuliwasha linarudi, na kesho yake ni yale yale.

Nakili kwanza

Likishaonekana tena, usianze kuchokonoa. Chomeka diski ya nje kwenye kompyuta uhamishe vile ambavyo huwezi kuvipata kwingine: hesabu, mikataba, kazi za wateja, picha za familia. Filamu na nyimbo zisubiri. Diski iliyozunguka miaka yote bila kupumzika huchoshwa zaidi na kuzimwa na kuwashwa kila saa, na ipo siku itazimwa isiamke. Ukisikia inagonga ndani, tak tak tak, izime na usiiwashe tena mpaka umpate fundi wa kuokoa data.

Kuna mambo mawili ya kuepuka kabisa. Kwanza, usibonyeze kile kitufe kidogo cha tundu la nyuma kabla hujajua kinafanya nini, kwa kuwa kwenye sanduku moja hufuta nywila tu na kwenye jingine huondoa mipangilio yote. Pili, ukiitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta ya Windows, itakuambia diski haijaandaliwa au inahitaji kufomatiwa. Kataa. Masanduku mengi haya huendeshwa na Linux, na Windows haisomi mpangilio wake. Data huenda ipo salama.

Intaneti na mtandao wa ndani

Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikasuasua nchini. Sanduku lililo dukani, likisomwa na kompyuta iliyo kwenye ruta hiyo hiyo, halikuwa na sababu ya kupotea siku ile. Waliolipoteza ni wale wanaolifungua kwa programu ya simu inayopitia kwanza kwenye seva za mtengenezaji ng'ambo. Basi jiulize: linapopotea, linapotea kwa kila kompyuta ya dukani, kwa moja tu, au kwa simu ukiwa nje? Jibu hilo litakuokolea nusu ya gharama ya fundi.

Umeme

Kama linapotea kwa wote, anza na adapta. Diski kubwa ya kawaida, inapoanza kuzunguka, huweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12. Adapta iliyochoka bado huwasha taa, lakini diski inapoamka au faili kubwa linaponakiliwa, volti hushuka na sanduku hujizima na kujiwasha lenyewe. Mwenye duka huona mtandao umekatika, kumbe umeme ndio uliokatika kwa sekunde moja.

Fundi akiipima adapta ikiwa mkononi, bila mzigo, mita itaonyesha volti 12 safi na atakuambia ni nzima. Mwambie aipime ikiwa imebeba sanduku. Ukinunua nyingine pale Kariakoo, volti ziwe zile zile, ampea zilingane au zizidi, na alama ya chanya na hasi ifanane. Lebo ya adapta ya bei ya kutupa usiiamini sana. Weka na UPS ndogo kwa ajili ya sanduku na ruta. Stabilaiza husawazisha umeme uliopo, haina cha kukupa umeme ukishakatika, na kati ya kukatika na jenereta ya jengo kuwaka, sanduku limeshaanguka.

Waya

Chungulia njia yake yote, usitazame ncha tu. Kwenye fremu nyingi waya hutoka kwa ruta ya jirani au ya ghorofani, hushuka ukutani na kupita chini ya mlango wa chuma unaoshushwa kila jioni. Mlango ule huukanyaga usiku kucha. Kasi ya gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyuzi za ndani. Jozi moja ikikatika, muunganisho hushuka hadi megabiti 100 au huja na kuondoka. Ukiona taa ya tundu la waya imebadilika rangi, au inazimika ukiutikisa, kosa lipo kwenye waya.

Kwangua kipande cha uzi wa ndani kwa wembe. Ukikuta weupe chini ya wekundu, umeuziwa aluminiamu iliyopakwa shaba: ni rahisi, hukatika upesi, na kwa umbali mrefu hupoteza nguvu. Kabla ya kubadilisha chochote, leta sanduku karibu na ruta na uliunge kwa waya mfupi mpya kwenye tundu jingine. Likikaa hewani siku nzima, sanduku halina kosa.

Anwani

Ruta hugawa namba kwa kila kifaa, na namba hizo hubadilika. Jana sanduku lilikuwa 192.168.1.20, leo umeme umerudi limepewa nyingine, na kompyuta bado inagonga mlango wa zamani. Kampuni ya intaneti ikikubadilishia ruta, mtaa mzima wa namba huweza kuhama. Ingia kwenye ruta na ulitengee namba ya kudumu. Ni kazi ya dakika chache, na fundi akikutoza pesa nyingi kwa hilo, kataa.

Kompyuta mpya, sanduku la zamani

Hili ndilo linalowachanganya wengi. Sanduku zima, waya mzima, ila kompyuta mpya hailioni. Masanduku ya zamani huzungumza kwa SMB ya toleo la kwanza, lugha ya mtandao ambayo Windows mpya imeacha kuiwasha yenyewe tangu mwishoni mwa 2017, mwaka ule ule ambao kirusi cha WannaCry kilipita kwenye udhaifu wake na kufunga kompyuta duniani kote. Windows 11 za karibuni hukataa pia kuingia kama mgeni bila jina na nywila.

Utaambiwa uiwashe tena lugha hiyo. Sisi tunasema: iwashe kwenye kompyuta moja tu, nakili data, uizime. Kuiacha wazi miaka na miaka kwa sababu hutaki kununua sanduku jipya ni ubahili wa hatari. Juni 2021 watumiaji wa WD My Book Live, kifaa kilichopata sasisho la mwisho mwaka 2015, waliamka wakakuta data yao imefutwa kupitia intaneti. Kama sanduku lako halipati tena sasisho, zima huduma ya kulifungua ukiwa nje.

Joto la Dar na vumbi la mtaani tutayasema kwa ufupi: lishushe sanduku kutoka karibu na dari, safisha feni, na usilifunike kitambaa.

Nakala ikae wapi

Diski mbili ndani ya sanduku moja si nakala mbili. Usiku wa 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Novemba 2024 jengo la ghorofa Kariakoo likaporomoka. Nakala iliyo kwenye droo ya fremu hiyo hiyo huondoka na fremu. Iweke nyumbani, Mbagala au Tegeta, ubadilishane nayo kila wiki. TRA inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5, na majina na namba za wateja wako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023.

Kwa hiyo sanduku likishindikana, usilipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na diski yake. Itoe kwanza, uifute au uivunje.