Risasi ya Hewani Lazima Irudi Chini

Mtu anapofyatua risasi hewani, iwe ni kuwatisha wezi wa mifugo au kushangilia sherehe, wengi hudhani kuwa risasi hiyo imepotea. Haipotei. Huanguka mahali, na inaweza kumuua mtu asiyehusika.

Kifyatulio kikivutwa, baruti iliyo ndani ya ganda huwaka na gesi yake huisukuma risasi nje ya mtutu. Risasi ya bunduki ya AK-47 hutoka kwa kasi ya takriban mita 715 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti. Ndiyo sababu mtu anaweza kupigwa kabla ya kusikia mlio.

Ikishatoka, hewa huipunguza kasi na mvutano wa dunia huivuta chini. Ikielekezwa juu wima, hupanda hadi ikasimama, kisha huanguka. Majaribio ya jeshi la Marekani, yaliyoelezwa na afisa Julian Hatcher, yalionyesha kuwa risasi ya bunduki hurudi kwa takriban mita 90 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Kasi hiyo inaweza kuvunja fuvu la kichwa.

Ni nadra, hata hivyo, mtu kulenga juu wima. Risasi ikipigwa kwa mshazari haisimami angani. Hupinda kama jiwe lililorushwa, na huweza kutua zaidi ya kilomita mbili mbele ikiwa na kasi kubwa kuliko ile ya kuanguka wima. Bati la paa si kinga.

Kufyatua chini pia si salama. Risasi ikigonga mwamba, ardhi ngumu au maji kwa pembe ndogo, huruka na kubadili mwelekeo.

Wakazi wanashauriwa:

• Wasikiapo milio, walale chini mara moja, mbali na madirisha na milango. Ukuta wa mawe hukinga kuliko wa udongo au mabati.

• Wasitoke nje kutazama.

• Aliyejeruhiwa agandamizwe kidonda kwa kitambaa safi na apelekwe hospitalini haraka. Risasi iliyo mwilini isichokolewe.

• Watoto wakiokota risasi, wasiiguse tena wala kuitupa motoni. Mtu mzima awaarifu polisi.

Ripoti zinaweza kutolewa kwa chifu, katika kituo cha polisi kilicho karibu, au kwa kupiga simu 999 au 112.