Upupu: Watoto Waujue, Wasiuchezee

Mvua zikiisha watoto wetu huanza kurudi nyumbani wakilia, mikono imejaa vipele. Walikwenda kuokota kuni au kuchunga mbuzi, wakapita penye upupu. Mmea huu tunao hapa Ruanda, tunao pia kwenye mabonde yanayoteremka Ziwa Nyasa.

Tuwaonyeshe watoto, tukisimama mbali. Upupu hutambaa na kupanda miti. Majani yake ni matatu matatu kama ya maharage, na maua ya zambarau huning'inia. Maganda yamejikunja kidogo, yamevaa manyoya ya rangi ya dhahabu. Manyoya hayo ndiyo adui: kila moja ni mwiba mdogo wenye kemikali ya kuwasha. Yakikauka hupeperushwa na upepo, hivyo hata asiyegusa hupatwa.

Mtoto akipatwa asijikune, maana kujikuna huyashindilia manyoya ndani na kuyapeleka machoni. Mvueni nguo taratibu. Chukueni tonge la ugali uliopoa, mligandamize juu ya ngozi na kulibandua bila kusugua. Manyoya hutoka nalo. Tonge hilo litupwe shimoni. Kisha mmiminieni maji mengi, mmwoshe kwa sabuni. Nguo zake zifuliwe peke yake. Yakiingia machoni, mimineni maji safi kwa dakika 15, halafu mpelekeni zahanati. Akivimba midomo au kuhema kwa shida, msingoje hata kidogo.

Liko jambo la aibu. Wanafunzi wengine huchuma maganda kwa kutumia majani, wakapaka upupu kwenye dawati la mwenzao. Sisi wazazi hucheka, kwa sababu nasi tulifanya hivyo. Lakini jicho likiumia hakuna wa kucheka. Watoto wanaojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza waambiwe wazi kwamba kumtesa mwenzako namna hii ni dhambi ya kuungamwa.

Mmea wenyewe haukulaaniwa. Mungu aliuumba kama mingine. Aina yake isiyowasha hupandwa shambani kurutubisha udongo wa mahindi, na mbegu zake zina dawa inayowasaidia wenye ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson.

Basi Jumuiya Ndogo Ndogo zipange siku moja kufyeka njia za shuleni na mtoni, upupu ukiwa bado una maua, kabla ya maganda. Wenye mapanga wavae mikono mirefu.