SIKUKUU NDANI YA CHUMBA KIMOJA

Kijana mwenzangu, je, sikukuu bila hoteli si sikukuu? Sikiliza yaliyonipata.

Tulipooana tulipanga chumba kimoja Manzese, Dar es Salaam. Krismasi ya kwanza nilikopa hela ili tuonekane watu. Nguo mpya, teksi, soda kreti nzima! Tarehe 26 Desemba mfuko mtupu. Januari mwenye nyumba anadai kodi, na sisi ndani tunagombana. Mke wangu akalia, akasema, "Mume wangu, mimi sikukuomba teksi. Nilitaka tukae pamoja." Neno lile lilinichoma.

Mwaka uliofuata tulifanya hivi:

1. Tulinunua kibubu siku ya Saba Saba. Kila siku tulitia chochote, hata shilingi mia.

2. Tuligawana kazi. Yeye alikaanga vitunguu vya pilau, mimi nikachambua mchele na kuwasha jiko la mkaa. Tulipikia uani. Usiwashe mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hewa yake inaua!

3. Tulitandika mkeka, tukazima redio, tukaongea mpaka usiku. Sahani moja tulimpelekea jirani.

Hatukudaiwa na mtu. Tulicheka sana.

Rafiki, mtoto Yesu mwenyewe alilazwa horini, wanamolishia mifugo. Udogo wa mahali haukuzuia furaha.

Sasa jiulize: unatafuta furaha, au macho ya watu? Usingoje Desemba. Kaa na mwenzako leo, muongee. Anzeni kibubu chenu leo hii!