Mashine Kali ya Kunyolea Ndevu, na Jinsi ya Kuitumia bila Kujikata

Wazee walisema, "Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji." Aghalabu twaitumia methali hii kumwonya mtu ajiweke tayari kabla shida haijamfikia, lakini ndani yake mna fundisho la kinyozi halisi, nalo ni kwamba wembe haupasi kugusa ndevu kavu. Juma hili twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe habari za mashine ya kunyolea itumiayo wembe wa makali mawili, hasa ile iitwayo mashine kali. Kwa kuwa mtu aiguzaye bila kufundishwa hujulikana asubuhi ile ile kwa vipande vya karatasi alivyobandika kidevuni.

Mwandishi wa habari hii naye alikuwa mmoja wao. Nilipewa mashine nzito ya shaba na mjomba wangu aliyekuwa baharia, nami siku zote nilikuwa nimezoea vile viwembe vya plastiki ambavyo hutumiwa kisha vikatupwa. Sikuuliza neno. Asubuhi moja, nikiwa na haraka ya kuvuka kutoka Likoni kwenda kazini, nilijipaka sabuni ya kuogea, nikakandamiza mashine shavuni kama nilivyozoea kukandamiza kiwembe cha plastiki, nikavuta. Nilijikata mara tatu, na jeraha lililokuwa chini ya taya halikukubali kukauka, hata ukosi wa shati ukawa mwekundu. Ferini mzee mmoja alinitazama mpaka nikaona haya. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Je, umepigana na paka?" Nilipomweleza hakucheka. Alisema, "Mashine haina kosa. Mkono wako ni mzito."

Kwanza yafaa kujua chombo hiki kilitoka wapi. Zamani mwanamume aliyetaka kunyoa alitumia wembe mrefu wa kukunja, ambao ulihitaji kunolewa kila mara juu ya ukanda wa ngozi, na ambao wengi walimwachia kinyozi. Mmarekani mmoja, King Camp Gillette, aliyekuwa mchuuzi wa kusafiri, alifikiri kutengeneza wembe mwembamba wa kutumiwa na kutupwa. Mafundi wengi walimwambia kwamba chuma cha pua hakiwezi kufanywa chembamba namna hiyo kikashika makali, lakini fundi William Nickerson alifaulu. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa biashara yao, waliuza mashine 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata waliuza mashine zaidi ya elfu themanini. Nyembe za siku zile zilishika kutu upesi. Ni baada ya mwaka 1962, Wilkinson Sword wa Uingereza walipouza nyembe za chuma kisichoshika kutu, ndipo watu wengi walipopata wembe uwezao kustahimili hewa ya chumvi kama hii yetu ya pwani.

Sasa tuje kwenye neno "kali". Watu hudhani kwamba ukali ni wa wembe. Sivyo. Wembe ni ule ule uuzwao dukani kwa pakiti, na unene wake ni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Mashine yenyewe ina kifuniko cha juu, bamba la chini na mpini. Wembe hulala katikati na kupindwa kidogo ukikazwa. Kati ya makali na ukingo wa bamba pana mwanya. Mwanya ukiwa mdogo, na makali yakijificha, mashine ni pole, hata mkono mzito hauleti madhara makubwa. Mwanya ukiwa mpana, na makali yakijitokeza mbele, mashine ni kali: hukata ndevu nene kwa mpito mmoja, na kama haikupata ndevu hukata ngozi. Jambo hili laonekana wazi katika mashine ambayo Gillette walianza kuiuza mwaka 1958, yenye namba 1 hata 9 shingoni pake. Mtu akizungusha kuelekea 9, makali huzidi kujitokeza. Siku hizi mashine kali sana isifiwayo na wanaojua ni R41 ya Mühle wa Ujerumani, ambayo ukingo wake una meno kama kichana, ili ndevu ndefu zipite bila kuziba.

Basi, ni nani aihitajiye? Mwenye ndevu ngumu, au anyoaye mara moja kwa juma. Mwenye ndevu laini anyoaye kila siku hapati faida yoyote, naye namshauri anunue iliyo pole.

Hapa kwetu bara jambo la kwanza ni maji. Visima vingi vya Kisauni na Likoni vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa, pengine na chumvi. Sabuni haitoi povu katika maji hayo. Huganda ikawa utando mweupe juu ya beseni. Mtu aweza kusugua brashi mpaka mkono uchoke asipate kitu, naye atailaumu sabuni. Afadhali atenge kopo moja la maji ya mvua au ya mfereji kwa ajili ya uso tu. Lita moja yatosha kabisa. Anawe kwanza, kisha akae na taulo yenye maji ya uvuguvugu usoni kwa dakika mbili tatu, maana unywele ulioshiba maji hukatika kwa urahisi kuliko mkavu. Ndipo apake povu zito, wala asinyoe mahali ambapo povu limekauka. Katika joto la hapa hukauka upesi, kwa hiyo apake upande mmoja, aunyoe, kisha apake wa pili.

Kabla ya hayo apitishe vidole usoni kujua ndevu zake zalala upande gani. Shavuni mara nyingi zalala kuelekea chini, lakini shingoni huenda ovyo, na watu wengi hujikata shingoni kwa sababu hawakuuliza. Aishike mashine mwishoni mwa mpini kwa vidole vitatu, kama ashikavyo kalamu. Aweke kifuniko cha juu shavuni, kisha ainamishe mpini polepole mpaka asikie makali yameanza kukata. Hapo pembe ya wembe na ngozi ni kiasi cha digrii 30, nayo yatosha. Uzito wa mashine ndio ufanyao kazi. Mkono waongoza tu. Avute kipande kifupi, urefu wa kidole gumba, asuuze, avute tena, daima kufuata mlalo wa ndevu. Asipeleke wembe upande upande, maana hapo hukata kama kisu katika papai. Penye koromeo ameze mate, ngozi isogee, anyoe kando yake.

Wenye ndevu za kipilipili, nao ndio wengi wetu, wasikilize zaidi. Kile kipele kigumu kitokeacho shingoni siku mbili tatu baada ya kunyoa hakiletwi na uchafu peke yake. Unywele wetu hupinda. Ukikatwa kwa chini mno, ncha yake iliyochongoka hukua ikirudi ndani ya ngozi, na mwili huipiga vita kama mwiba. Viwembe vyenye makali matatu au manne yaliyofuatana huzidisha shida hii, kwa kuwa hukata unywele chini ya uso wa ngozi. Wembe mmoja hukata usawa wa ngozi, na kwa hiyo mashine yetu yaweza kuwa dawa. Lakini mashine kali mkononi mwa mtu atakaye shavu laini kama yai hurudisha ugonjwa ule ule. Basi apite mara moja tu, kwa mlalo wa ndevu, wala asivute ngozi kuikaza. Ndevu kidogo zikibaki, na zibaki. Kama vipele vimekwisha kutoka, aweke wembe chini kwa majuma kadhaa. Asivitumbue kwa sindano, maana hapo ndipo zitokapo alama nyeusi zisizofutika, na kwa wengine makovu yanayovimba.

Baada ya kunyoa asuuze kwa maji baridi, kisha apitishe jiwe la shabu lililoloweshwa. Shabu hukausha mikato midogo, tena ni mwalimu: panapowasha sana ndipo mkono ulipokuwa mzito. Matone mawili ya mafuta ya nazi yatamtosha.

Wembe ni wa mtu mmoja. Ndugu kwa ndugu, mume na mke, wasiazimane, wala mtu asikubali kinyozi amnyoe kwa wembe ambao hakuuona ukifunguliwa karatasini. Damu isiyoonekana kwa macho yaweza kubeba homa ya ini aina ya B, ambayo kijidudu chake huishi nje ya mwili muda wa siku saba na zaidi, au virusi vya UKIMWI. Wembe ukianza kukwaruza, aghalabu baada ya kunyoa mara tatu hata tano, ubadilishwe, ukishikwa kwa ncha zake fupi zisizo na makali.

Wembe uliokwisha usitupwe jaani. Watoto wetu huchezea huko miguu mitupu, na waliosema mtoto akililia wembe apewe hawakuwa na maana hiyo. Chukua kopo tupu la maziwa lisilofunguliwa kifuniko, lipasue mpasuo mwembamba juu, tumbukiza nyembe humo. Likijaa, na hilo kwa mtu mmoja huchukua miaka, gonga mpasuo kwa nyundo mpaka ufunge.